Mgeni wa Gari la Peke Yake

Siku ile mjinga alikuwa Inspekta Melkiori mwenyewe, na hakuna haja ya kumtafutia mwenzake.

Mgeni aliibwa mbele ya macho yake, saa nane na robo mchana, jua likiwaka. Hakuwa amelala. Hakuwa amelewa. Alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwa mwizi, sare imenyooshwa kwa pasi ya mkaa, filimbi mfukoni. Na kana kwamba hiyo haitoshi, alimbebea mwizi sanduku la mgeni mpaka kwenye gari, akalisukuma ndani, akafunga mlango, akapiga saluti.

"Ahsante, mwanangu," mwizi alimwambia.

"Safari njema, mzee," Inspekta akajibu.

Ilikuwa Jumatano ya mwezi wa sita, mwaka 1994. Mpunga ulikuwa umevunwa na Ifakara nzima ilinuka pumba mpya. Melkiori alikwenda kiwanja cha ndege kupokea bahasha ya mkoa, maana ndege ile ndogo ya Jumatano ilibeba kila kitu: barua, chanjo, mapadri, na mara mojamoja mtu mwenye pesa zake.

Alipofika alikuta Landrova ya zamani imetangulia. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe na kofia ya pama alikuwa anawafukuza ng'ombe kiwanjani kwa honi, taratibu, bila matusi. Ngurumo ya ndege iliposikika upande wa milima, mzee akashuka garini. Akakusanya nyasi kavu, akaziwasha, kisha akaanza kutafuta majani mabichi ya kufunikia moto. Moshi mweupe ukapanda, ukainama kuelekea mtoni.

Hapo ndipo Inspekta alipokwisha.

Harufu ile ilimwingia puani ikamshika mkono, ikamrudisha mwaka sitini na nne. Ana miaka kumi, kaptula ina tobo nyuma, anagombania majani mabichi na wenzake, kwa sababu aliyeleta mengi aliruhusiwa kuligusa bawa la ndege. Zama zile rubani alisoma upepo kwa moshi. Melkiori hakufikiri. Kabla hajajijua alikuwa ameinama, mtu mzima na nyota zake begani, anang'oa majani na kumpelekea mzee, ameyabana kwapani.

Ndege ikatua. Akashuka mama mmoja wa makamo, mweusi kama sisi, kavaa viatu vya Ulaya na miwani ya jua. Mzee akavua kofia.

"Karibu nyumbani, mama. Gari lako hili hapa."

Mama akatabasamu, akapanda. Yaliyofuata mnayajua: sanduku, mlango, saluti.

Melkiori aliendelea kusimama pale, bahasha ya mkoa mkononi, anatabasamu peke yake na majivu. Nusu saa nzima alitabasamu. Ndipo ikaja Pijo nyeupe, inarusha vumbi hadi juu ya paa, akaruka nje kijana aliyelowa jasho, ameshika kipande cha boksi kilichoandikwa KARIBU MAMA VALERIA kwa rangi nyekundu.

Huyu alikuwa Gosbert, mwenye teksi pekee ya Ifakara iliyokuwa na vitambaa vya viti.

"Afande! Mgeni wangu yuko wapi?"

"Mgeni gani?"

"Mama wa Uswisi. Wa ndege ya saa nane!"

"Ameshapokewa."

"Na nani?"

"Na dereva wako."

"Dereva wangu ni mimi, Afande."

Tabasamu la Inspekta liliondoka polepole, kama mtu anayetoka kanisani katikati ya mahubiri.

Rubani, aliyekuwa anajiandaa kuondoka, akaja mbio na mkoba mdogo wa bluu. "Abiria wangu amesahau hii chini ya kiti," alisema. "Ni sindano zake za sukari. Aliniambia njiani kwamba lazima achome kabla ya chakula cha jioni. Akikosa leo, kesho mtamlaza. Akikosa na kesho, sijui."

Melkiori aliushika mkoba. Ulikuwa wa baridi, na baridi yake ilimpanda hadi kwenye kiwiko. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, mgonjwa, ameondoka na mtu asiyejulikana, na polisi ndiye aliyemfungia mlango. Jua lingezama saa kumi na mbili. Saa yake ilionyesha tisa kasorobo.

"Gosbert," alisema, "kwa nini umechelewa?"

"Matairi, Afande. Yote manne hayana upepo."

"Pancha nne?"

"Siyo pancha. Mtu amefungua valvu nikiwa nakula. Nimezikuta juu ya boneti, zimefungwa kwenye karatasi safi."

"Zote?"

"Zote nne. Na pampu ametoa kwenye buti, kaniwekea pembeni nisihangaike kuitafuta."

"Kujaza matairi manne kwa pampu ya mguu ni muda gani?"

"Saa nzima na mgongo kuuma."

"Basi alihitaji saa moja. Mwizi mwingine angezitupa chooni. Huyu alitaka uchelewe, hakutaka uharibikiwe. Huyo ni dereva. Ziko wapi hizo valvu? Tupate alama za vidole."

"Ziko kwenye matairi, Afande. Ningekujaje?"

Ushahidi wa kitaalamu ulikuwa umeshabiringika maili mbili kwenye vumbi. Inspekta akageuka kuyatazama majivu. Juu ya mlingoti, mwisho wa kiwanja, mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo ulikuwa unapepea, umepauka kwa miaka. Ulikuwepo tangu yeye akiwa sekondari. Hakuna rubani wa siku hizi aliyehitaji moshi. Basi aliyeuwasha alikuwa mtu ambaye kazi yake kiwanjani iliisha kabla ya mfuko ule kuja.

"Nani aliyejua safari ya mama huyu?"

Gosbert akatazama viatu. "Watu wachache."

"Wangapi?"

"Barua yake niliibandika ukutani. Gereji ya Omega."

"Uliibandika!"

"Oda ya kwanza kutoka Ulaya, Afande! Ameandika kwa mkono wake, miezi miwili kabla: naomba nipokewe kiwanjani, gari la peke yangu, nisichanganywe na abiria wengine. Wewe ungeifungia sandukuni?"

Kweli, barua ile ilichekesha mji mzima. Gari la peke yake! Ifakara ya wakati ule gari lilikuwa kama kisima, aliyelifikia alichota. Kumpita mtu njiani na kiti kipo wazi ilikuwa sawa na kula umejifungia mlango. Watu walimwuliza Gosbert kama huyo mama ana ukoma.

Gari la kituo lilikuwa juu ya mawe tangu Pasaka. Kwa hiyo sheria ilipanda Pijo ya Gosbert, mkoba wa sindano mapajani, ikaelekea gerejini.

Fundi Omega alikuwa chini ya lori. Ilionekana miguu tu. Melkiori akaihoji miguu.

"Omega, Landrova ya nani imetoka hapa leo?"

"Hakuna Landrova iliyotoka," miguu ilijibu.

"Na ile iliyokuwa hapa, penye haya mafuta yaliyomwagika?"

Miguu ikatulia. Kisha Omega akatoka, uso mweusi kwa grisi isipokuwa macho. Akapatazama pale mahali palipo wazi.

"Mama yangu! Ile ni ya mwenye mashine ya kukoboa!"

"Ufunguo anakaa nao nani?"

"Haina ufunguo, Afande. Inawashwa kwa kugusanisha waya, na hata mimi hainikubali. Anayeijulia ni mlinzi wangu tu, Mzee Kele."

"Anaijuliaje?"

"Anasema aliiendesha zamani ikiwa ya misheni. Kila asubuhi anaipangusa, wala hakuna aliyemtuma."

"Jina lake kamili?"

"Kelestini. Karudi mwaka juzi kutoka mashamba ya miwa. Alikuwa dereva wa trekta kule miaka mingi."

Melkiori akakaa juu ya tairi bovu. Kelestini. Kelestini wa Moshi, mwashaji wa moto wa kiwanjani! Mtu mrefu, masharubu meusi, mluzi mdomoni, shati jeupe hata siku za mvua. Watoto wote wa Ifakara walitaka kuwa yeye. Mapadri walikuja baadaye katika orodha. Yeye ndiye aliyewanyanyua mmojammoja waliguse bawa, na kila mmoja alimwita "mwanangu". Inspekta alikuwa amezunguka nchi miaka ishirini, Tabora, Mtwara, Singida, akajifunza kuwatambua wezi kwa kisogo. Yule ambaye utotoni alitamani kuwa kama yeye alisimama mbele yake, akaziona ndevu tu.

"Alikuwa mtu mzuri," alisema.

"Bado ni mzuri," Omega akasema. "Ila Landrova ya watu airudishe."

Kwa mujibu wa barua, mgeni alipaswa kufikishwa Katindiuka kwa mdogo wake, Siwema. Walipoingia uani vigelegele vilianza, kisha vikakatikia kooni wanawake walipoiona kofia ya polisi. Wali mpya ulikuwa motoni. Harufu yake ingemfanya hata mshtakiwa akiri.

"Shikamoo, dada Siwema."

"Marahaba. Dada yangu yuko wapi?"

"Tunamtafuta. Amechukuliwa na mtu anaitwa Kelestini. Unamjua?"

Siwema akauweka upawa chini. "Kelestini yupi?"

"Yule uliyekwisha kumkumbuka."

"Alikuwa dereva wa misheni."

"Hilo ninalo. Ana ugomvi gani na dada yako?"

"Na dada hana ugomvi. Jambo lake ni la marehemu mama."

"Jambo gani?"

"Ya zamani hayo, Afande. Yameota majani."

Melkiori akauinua ule mkoba wa bluu. "Hii ni dawa yake, dada. Bila hii halali salama. Hayo yaliyoota majani ndiyo yamemchukua. Sema."

Siwema akaketi kwenye kigoda. Aliongea akiutazama moto.

"Dada alikuwa muuguzi hapa. Mwaka sitini na sita masista wakampatia masomo Uswisi. Mama akakataa. Walirushiana maneno wiki nzima. Dada akaondoka kwetu Idete kwa hasira, akaenda kulala bwenini mjini. Siku ya safari mama akalainika. Akatuma neno kwamba atakuja kiwanjani kumshika kichwa, amuage vizuri. Misheni wakamtuma Kelestini amfuate."

"Hakumfuata?"

"Alimfuata. Lakini tulifika ndege imesharuka."

"Tulifika? Wewe ulikuwemo?"

"Nilikuwa msichana. Nilikaa ubavuni mwa mama."

"Valeria anajua?"

"Anaamini mama alisusa."

"Mpaka leo?"

"Mpaka leo. Mama alipofariki, sabini na moja, hakuja. Aliandika kwamba aliyekataa kumuaga akiwa mzima, yeye hatamuaga akiwa mfu."

Hata Gosbert, aliyekuwa akiinusa sufuria, aliacha.

"Na wewe hukumwandikia ukweli?"

"Nimemwandikia kila mwaka."

"Hilo?"

Siwema akachochea moto usiohitaji kuchochewa. "Mpunga. Mafuriko. Nani kaoa. Hilo… nilisema nitaandika barua ijayo. Mimi ndiye niliyebaki na mama, Afande. Nimemwogesha, nimembeba mgongoni. Yeye anakula theluji huko. Kuna wakati niliona acha na yeye aumie kidogo. Kisha muda ukapita, nikaona aibu."

"Mama amezikwa wapi?"

"Idete, kando ya njia."

Melkiori alikuwa ameshasimama. Siwema akaifunga kanga kiunoni akamfuata, akaingia kwenye Pijo.

"Dada, samahani," Gosbert alianza, "gari hili leo ni la peke…"

Siwema akamtazama. Gosbert akawasha gari.

Ilikuwa saa kumi na robo. Barabara ya Idete ilikatiza mashamba yaliyovunwa, mabua yamelala kama nywele za mtu aliyeamka. Melkiori alipita njia ile utotoni na baba yake, kwa baiskeli moja, matete pande zote mbili na kinyesi cha tembo katikati ya njia. Reli haikuwepo. Usukuma ilikuwa nchi ya kwenye ramani. Sasa treni ilipita Idete na ng'ombe wenye pembe ndefu walivuka barabara kwa madaha, nyuma yao watu warefu wa kutoka Ziwani. Hakujua kama anasikitika au anafurahi. Alijua tu kwamba angependa kuliona tena tete moja.

Njia nzima watu waliwapungia mkono. Gosbert aliwapita wote, macho mbele, shingo imekakamaa. Walipompita bibi mwenye mzigo wa kuni, Melkiori alijikuta anajificha nyuma ya kofia yake.

Mbele kidogo alisimama mama wa Kisukuma, kibuyu cha maziwa kichwani, mkono juu.

"Simama," Melkiori alisema.

"Afande, si tuna haraka?"

"Simama. Huyo ana macho."

Mama yule aliitwa Mbuke. Hakungoja kuulizwa jina lake. Aliingia kwanza, akajisogeza, akampa Siwema kibuyu amshikie, ndipo akasalimia.

"Mama, umeiona Landrova?"

"Nimeiona. Nimeisimamisha, imenipita."

"Ilikuwa na watu wangapi?"

"Wawili! Nafasi ya watu kumi, wamekaa wawili kama maharusi. Na yule mzee amenitazama vizuri, akavua kofia, akapita. Baba, mimi tangu nihamie bonde hili sijaona mtu anakuvulia kofia ili akuache."

"Mwanamke alikuwa analia? Anapiga kelele?"

"Alikuwa anatazama nje ya dirisha. Kama mtu anayehesabu miti."

Melkiori aliandika hayo kwenye daftari. Aliandika na neno "kofia", akalipigia mstari.

Waliwakuta saa kumi na moja kasorobo. Landrova ilikuwa imeegeshwa kando ya njia, pua ikielekea walikotoka, Ifakara. Mbele ya kaburi lenye msalaba wa saruji, mama Valeria alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, amevua viatu, nyayo kwenye mchanga. Macho yalikuwa mekundu. Hatua tano pembeni alisimama mzee, kofia mkononi.

Hakukimbia. Alinyoosha mikono mbele, viganja juu, kungoja pingu.

Inspekta akampita, akaenda kwa mama kwanza.

"Shikamoo, mama. Dawa yako."

"Marahaba." Aliupokea mkoba, akautazama uso wake. "Wewe si ndiye uliyenibebea sanduku?"

"Ndiye mimi."

"Mmeendelea. Zamani polisi hawakubeba mizigo."

"Ni siku moja tu, mama. Haitarudiwa." Akamgeukia mzee, akakohoa apate sauti ya kazi. "Kelestini, uko chini ya ulinzi kwa kuchukua gari bila idhini ya mwenyewe. Hulazimiki kusema lolote. Utakalosema litaandikwa, na linaweza kutumika kama ushahidi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mwanangu."

"Niite Afande."

"Nimeelewa, Afande mwanangu."

Melkiori akaweka daftari juu ya boneti ya Landrova. Bado ilikuwa ya moto.

"Wewe ndiye uliyetoa upepo kwenye matairi ya Gosbert?"

"Ndiyo. Valvu nilimhifadhia."

"Kwa nini hukumwomba tu?"

"Niliomba. Jumatatu nilimwambia, kijana, nipeleke nawe kiwanjani, nina neno na huyo mama. Akasema gari ni la mgeni peke yake, mlinzi hapandi."

Melkiori akamtazama Gosbert. Gosbert akapata kazi ya kufuta vumbi kwenye taa.

"Na moshi? Uliuwasha wa nini?"

Mzee akatikisa kichwa, kama aliyeulizwa kuhusu mtu mwingine. "Sikukusudia. Niliisikia ndege, mkono ukatafuta nyasi wenyewe. Nilipozinduka moto unawaka, na wewe unaniletea majani."

"Hilo la majani haliandikwi," Inspekta alisema haraka. "Eleza sababu."

Kelestini akageukia kaburi. Aliposema, hakumwambia Inspekta. Alimwambia mama Valeria, ingawa mama alikuwa ameshayasikia. Ilionekana wazi kwamba angeyasema mara mia kama angeruhusiwa.

"Asubuhi ile sista alinituma Idete. Alinishika hapa kwenye shati akaniambia, Kelestini, leo gari ni la mama huyu peke yake, usibebe mtu. Nikaitika. Nikamkuta mama yako, mama Eliza, ameshaoga, amevaa kitenge kipya, amesimama hapahapa njiani na binti yake mdogo. Tukaondoka mapema kabisa. Halafu nikamkuta mwanamke na mtoto aliyeungua uji. Ningemwacha? Nikambeba. Mbele nikakuta wazee wawili na magunia. Nikasema, nafasi si ipo? Mbele katekista, baiskeli imekatika mnyororo. Kila mmoja alikuwa na sababu, na kila mmoja alishusha na kupandisha mizigo. Nilikuwa kijana. Nilipenda watu waseme, Kelestini hapiti mtu."

"Mkafika."

"Tukafika ndege iko juu ya mto. Mama Eliza alishuka akaitazama mpaka ikawa kama nzi. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Aliniambia, 'Kelestini, hata hao uliowabeba ungewaacha, wangenielewa.' Basi. Akaomba nimrudishe."

Kalamu ya Melkiori ilikuwa imesimama. Alikumbuka siku ambayo Kelestini hakuonekana tena kiwanjani. Watoto waliambiana amepandishwa cheo.

"Ndiyo maana uliacha kazi?"

"Nilikwenda kuendesha trekta kwenye miwa. Trekta hakuna anayelisimamisha."

"Na hukuwahi kumwambia huyu mama?"

"Sikujua anakoishi. Nilijua tu Ulaya. Nilipoiona barua ukutani, na maneno yale, gari la peke yangu, nisichanganywe na abiria, nilihisi nimeandikiwa mimi. Nikasema, safari hii nitaiendesha kama nilivyotumwa. Kutoka kiwanjani mpaka kwa mama yake, bila kumbeba mtu. Na hata akifika kwa ndugu zake, akila, akicheka, iwe ameshajua kwamba mama yake alikuja." Akaitazama barabara. "Leo nimewaacha kumi na wanne njiani. Nimewahesabu. Kila mmoja nilimwombea radhi."

"Mimi hukuniomba," Mbuke alisema kutoka kwenye Pijo.

"Nilivua kofia, mama."

"Kofia siyo lifti."

Melkiori alifunga daftari. Mwenye mashine ya kukoboa angeamua kesho kama anashtaki. Gari lilikuwa zima, tena limeoshwa. Tatizo la sasa lilikuwa kukifikisha kielelezo kituoni, maana hakuna aliyeweza kukiwasha isipokuwa mtuhumiwa. Sheria haikuwa na kifungu cha hali hiyo.

Lakini Gosbert alikuwa amepata nguvu mpya.

"Afande, na utekaji je? Andika utekaji! Mgeni wangu mwenye barua ya oda ameibwa mchana kweupe!"

"Mama," Melkiori aliuliza, "ulitekwa?"

"Tulipokata kuja Idete nilijua siyo njia ya kwa Siwema," Valeria alisema. Alikuwa ameshajichoma sindano, anarudisha vitu vyake mkobani kimoja kimoja. "Nikamwambia simama. Akasimama. Akajitaja jina na kusema anataka kunipeleka kwa mama. Nikaitazama njia mpaka vumbi likatulia, nikamwambia twende. Huko ni kutekwa?"

"Lakini oda, mama! Kibao nimekuandikia kwa rangi!"

"Utanirudisha wewe Ifakara siku ya kuondoka. Na kibao ukilete."

Gosbert akatulizwa. Ikawa zamu ya Siwema. Tangu washuke alikuwa amesimama nyuma ya Inspekta kama nguo iliyoanikwa, hajamkumbatia dada yake, hajamsalimu. Sasa alimrukia mzee kwa kidole, sauti ikipanda kwa kila neno.

"Huna haya, mzee mzima! Miaka ishirini na nane umenyamaza, leo ndiyo unakumbuka kuiba gari? Unamtembeza mgonjwa juani bila dawa, watu kwangu wamekaa na vigelegele mdomoni, wali unaungua! Si ungeniuliza mimi anuani? Si ungeandika barua kama watu wengine? Karatasi moja tu, Kelestini! Ni mtu gani anamficha mwenzake jambo kama hili?"

Kelestini aliinamisha kichwa. Melkiori alikohoa, akatazama mbali kwenye mabua. Mama Valeria akafunga mkoba wake, akavaa kiatu kimoja, akavaa cha pili, akanyanyuka na kumkabili mdogo wake.

"Siwema, kila mwaka umeniandikia habari za mpunga, mpaka aina za ndege wanaoula. Mama ndiye aliyekosa mstari?"